Skolastika Ludovick Kimario, Aliyezidai Kadi za Wachezaji wa Sakina

Marehemu Skolastika Ludovick Kimario, anayezikwa leo katika kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, alizaliwa Kibosho tarehe 10 Februari 1957, sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, hivyo jina halikusumbua mtu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa hayati Mzee Ludovick na Mama Fransiska.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kibosho, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuchaguliwa kuendelea, wala hakulia. Akiwa darasa la tano, mvulana mmoja alimnyang'anya mdogo wake Hans parachichi. Skolastika alimng'ata sikio yule mvulana mpaka damu ikatiririka shingoni. Alichapwa mbele ya shule nzima, na alipomaliza kuchapwa akauliza, "Viboko nimepokea, mwalimu. Sasa parachichi liko wapi?"

Mwaka 1975 alishuka Arusha. Aliuza ndizi, akapika mtori mtaani Sakina, akahudumu baa. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Ndugu Elinami, dereva wa malori, wakajaliwa binti mmoja, Anjela. Elinami alikuwa mtu mwema akiwa safarini. Akirudi, alipiga. Jioni moja ya mwaka 1984 alimfuata mkewe jikoni na waya wa umeme, akamkuta ameshika mwiko na maji ya ugali yanachemka. Ndoa iliishia pale. Kovu la bwana lilibaki kifuani, la bibi mgongoni, na kila mmoja akashika njia yake.

Biashara ilipofunguliwa, kumbi za starehe zilichipuka kando ya barabara ya Nairobi. Wenye fedha walitaka kuona shoo, na mwaka 1989 Skolastika akaanza kucheza. Ndugu walipoona aibu aliwajibu, "Aibu hailipi kodi ya nyumba." Baada ya miaka mitatu alikuwa kiongozi wa wachezaji katika ukumbi wa bwana mmoja aitwaye Elirehema.

Serikali nayo haikulala. Mchezaji wa shoo za watu wazima alitakiwa awe ametimiza miaka kumi na minane, awe na kadi ya kibali yenye jina na picha yake, na mavazi yake yakaguliwe na kamati. Mzee mmoja wa kamati alimwambia, "Mama, hiyo sketi ishuke mpaka gotini."

"Shikamoo, mzee. Ikishuka mpaka gotini, watu watadhani ni kwaya, watatoa sadaka."

Kamati ilicheka, wakakutana katikati ya paja. Kwake kila jambo lilikuwa na bei ya kuanzia na bei ya mwisho.

Kilichomwua ni kadi hizo. Elirehema alizikusanya zote akazifungia ofisini kwake. Asiye na kadi hawezi kuhamia ukumbi mwingine; akicheza bila kadi, polisi wanambeba. Mwezi wa nne mwaka huu wa 1996, Namnyaki, mchezaji aliyetoka Oldonyo Sambu, aliomba kadi yake aondoke. Elirehema alimchapa kwa mkanda, upande wa chuma, mpaka mgongo ukachanika. Skolastika akaingia ofisini.

"Kaka Elirehema, kwenye kadi kuna sura ya nani? Yako?"

"Ukumbi ni wangu. Toka, dada, kabla sijakutoa."

"Haya, nitoe."

Elirehema alimpiga chupa ya bia usoni, jicho la kushoto likapasuka. Skolastika, damu imemjaa mdomoni, aliokota kipande cha chupa akamchana mkono toka kiwiko mpaka kiganja. Walinzi wawili wakamwangusha, wakamkanyaga kichwa na mbavu hadi alipoacha kutukana. Wachezaji walimbeba juu ya meza mpaka barabarani. Elirehema na walinzi wake wakakamatwa.

Hospitalini ilionekana damu imevujia ndani ya kichwa. Ndipo wazee wa ukoo wa Elirehema walipokuja na isale, lile jani ambalo Mchaga akiletewa hanyimi msamaha. Walihesabu kwamba mgonjwa akiliona tu, mambo yote yamekwisha, na kadi pamoja.

"Mama Anjela, tumeleta isale. Mila unaijua."

"Naijua. Inasema nisikatae. Haikusema nipokee leo."

"Mwanangu, unafanya biashara na isale?"

"Ninyi ndio mmelileta sokoni, baba. Leteni kadi za wasichana."

Hans, aliyekaa kitandani pembeni yake, alimsihi apokee, asije akafa na laana ya kukataa isale akaiachia nyumba nzima. "Nyamaza wewe," dada yake alisema. "Nikifa sijalipokea, damu yangu iko juu yao. Wanaiogopa zaidi yako."

Wazee waliondoka na isale lao. Usiku ule alitapika damu, na asubuhi maneno yalianza kumpotea. Hans alikaa akiutazama mlango. Alasiri wazee walirudi, jasho linawatoka, na bahasha. Skolastika aliipapasa kadi moja moja, akaisogeza karibu na jicho lililobaki, akaita jina, na mchezaji mwenyewe, amesimama kando ya kitanda, akapokea. Namnyaki alikuwa wa kwanza. Bahasha ilipokuwa tupu alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea isale.

"Mwambieni nimemsamehe. Kwa moyo wote."

Hakusema tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Mei 1996, saa kumi na moja jioni.

Kwa kuwa isale limepokelewa, familia inawaagiza vijana wa ukoo: asiguswe mtu wa nyumba ya Elirehema, kwa panga wala kwa jiwe. Mahakama ni jambo jingine. Kesi ni ya Jamhuri, Jamhuri haikuletewa isale, na Namnyaki atasimama kutoa ushahidi.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Fransiska; binti yake Anjela; wadogo zake Hans na Anneth; na wachezaji tisa walioketi hapa na familia, ambao kuanzia wiki ijayo watacheza Elerai, katika ukumbi waliouchagua wenyewe.

Amepigana vya kutosha. Mungu ampumzishe.