Wimbo Uliokatika Kila Mkuu Aliporuka

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; walimu wenzangu; Fundi wetu wa karakana; ndugu wageni waalikwa; wanachuo mliojazana mpaka madirishani; na wewe Mama Stoo, mtunza stoo wetu, niliyekuweka mwisho kwa makusudi, usinune kwanza: hamjambo nyote?

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na leo nina furaha mpaka nimesahau miwani nyumbani, kwa hiyo karatasi hii niliyoshika ni pambo tu.

Tunafungua chumba. Mnakiona: meza mbili, televisheni ya chogo, na mashine ya gemu ya zamani ambayo Fundi aliiokota ikiwa imekufa, akaifufua. Ndani yake mna chipu ndogo kama ukucha, na chipu hiyo ina sauti nne tu. Mbili za kuimba, moja ya besi, na ya nne haijui chochote ila kusema "shii". Hiyo tumeifanya ngoma. Ukitaka ya tano, huna. Je, mtu mwenye akili timamu atatunga muziki kwa namna hiyo? Mimi na Fundi tulitunga, wimbo wa kusindikiza gemu moja ya mashine hii, miezi sita, kila siku baada ya vipindi. Tulipotaka noti tatu zilie pamoja na nafasi ni moja, tulizipiga kwa zamu, haraka haraka, mpaka sikio likadanganyika. Siku jambo hilo lilipokubali nilimkumbatia Fundi mbele ya mkewe, na mkewe akacheka kuliko sisi.

Lakini chumba hiki kilikuwa na mposaji mwingine. Mama Stoo alikitaka kwa ajili ya viti vyake vibovu. Ukuta mmoja tu ulimtenganisha na sisi, na aliandika barua tatu: "Kelele hizo zinanipandisha presha." Mheshimiwa Mkuu akasema atakuja kusikiliza mwenyewe na kuamua papo hapo: muziki au viti.

Sasa, ndugu zangu, kosa letu. Katika gemu, mchezaji akiruka, mlio wa kuruka huazima sauti moja ya muziki. Na sisi utamu wote wa wimbo tuliuweka kwenye sauti hiyo hiyo inayoazimwa! Hatukujua, maana kwa miezi sita tulikaa tunasikiliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kucheza.

Siku ilipofika, Mkuu akashika pedi ya kuchezea. Mheshimiwa, niwie radhi, lakini nani alijua kwamba wewe ni mrukaji? Uliruka mashimo, ukaruka kuta, ukaruka hata pasipo na kitu. Kila ukiruka, wimbo unakatika, inabaki besi na "shii".

"Mwalimu, muziki wenyewe ndio huu?"

"Ukitulia kidogo utausikia, Mheshimiwa," Fundi akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Nikitulia naliwa na hili dude!"

Nikajua viti vimeshinda. Mara nikasikia mtu anaimba pale mlangoni. Mkuu akiruka, yeye anajaza. Mkuu akitua, yeye ananyamaza. Hakukosea hata noti moja. Alikuwa Mama Stoo, mkono mmoja kiunoni, daftari la viti kwapani.

"Mama Stoo," ukamuuliza, Mheshimiwa, "si wewe uliyeandika barua tatu?"

"Ndiyo, mimi. Ni kelele. Ila mnaikata vibaya, na hapo ndipo presha inapopanda!"

Mheshimiwa, ulicheka mpaka dude likakula. Kisha ukasema chumba ni chetu. Nililia, na sioni haya kulisema. Miezi sita tulikuwa tunamtungia nani, kama si mtu aliyekuwa akitusikiliza kila siku?

Mama Stoo, ulitaka kutufukuza, na ndiwe uliyetuokoa. Sasa viti vimejaa ofisini kwako mpaka unaingia kwa ubavu. Asante, dada yangu. Asante Fundi, asante Mheshimiwa Mkuu.

Asubuhi hii Mama Stoo alichomoa ufunguo wa chumba hiki kati ya funguo zake, akaniwekea kiganjani, akanibana mkono. Nikadhani sasa atatamka neno la baraka.

"Haya," akasema, "tungeni mwingine. Huu nimeshauchoka."

Tumeshauanza, Mama Stoo. Kiti chako kiko pale mbele, ni kizima, Fundi amekikagua. Njoo uusikilize ukiwa ndani.

Nanyi nyote mliotega sikio mpaka hapa, asanteni sana.