Helikopta ya Saa Kumi na Mbili na Dakika Ishirini

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi saa, pale barabara inapopinda kabla ya kuteremka bandarini. Ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali. Upande mmoja umelegea, na anayekaa upande huo anakunywa kahawa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika ukuta. Upande huo ni wangu. Nachonga funguo, kibanda changu kiko mkabala, wananiita Funguo, kwa hiyo hata jina halikuwasumbua kulitafuta. Bi Birika huleta kahawa saa tisa kamili, na kuanzia hapo mpaka birika likauke hakuna jambo la dunia linalokosa jibu hapa. Mengine hupata majibu matatu. Ukikaa kwenye benchi unaona, juu ya ukuta wa bandari, gati la mwisho, na siku zile tano gati hilo lilikuwa na manowari ya kijivu, namba thelathini na saba.

Fundi saa tunamwita Kamanda, japo hajawahi kukanyaga sitaha ya meli yoyote ya vita. Ujanani alikwenda kujiandikisha uanamaji. Wakampima macho, wakampima kifua, wakamhesabu meno, mwisho wakamwambia avue viatu. Wakaziangalia nyayo zake bapa, wakamwambia avae viatu. Hajatusimulia zaidi ya hapo, nasi hatujamchokonoa. Ila tangu siku hiyo ana daftari, na humo ameandika namba ya kila manowari iliyoingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kila ndege ya majini iliyopita juu ya vichwa vyetu. Miaka ishirini na sita. Geti la bandari liko hatua mia mbili kutoka hapa, na hajawahi kulikaribia.

Safari hii manowari haikuja kutembea. Meli ndogo ya saruji ilikuwa imezama ikiwa na watu saba. Sita waliokotwa kesho yake. Wa saba, mshika usukani, hajaonekana. Manowari ilimtafuta siku mbili, ikarudi gatini, na helikopta yake ikaendelea kutoka peke yake. Asubuhi saa kumi na mbili na dakika ishirini, mchana saa nane. Kwa siku nne hatukuhitaji saa za Kamanda. Tulisikia mngurumo, tukajua muda.

Siku ya tano, saa nane ilipita kimya.

Saa tisa Bi Birika akamimina. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni na darubini yake. Kwa kawaida akimaliza kuangalia humpa aliye karibu, na huyo humpa mwenzake, mpaka irudi imejaa alama za vidole na yeye aanze kununa. Siku hiyo aliishusha, akairudisha kwenye mfuko wake wa ngozi, akafunga kifungo.

Kinyozi wetu anaitwa Kipaza, kwa sababu hata akinong'ona wateja wa duka la ng'ambo husikia.

Kipaza: Vipi, Kamanda, leo hatugawiwi?

Kamanda: Hakuna cha kuona.

Kipaza: Wewe useme hakuna cha kuona? Jumatatu umetukalisha saa nzima tunaangalia mtu anapaka rangi!

Kamanda: Nimesema hakuna.

Nikanyoosha mkono, nikaufungua mfuko mwenyewe. Hakunizuia. Nikaona watu wanne kwenye sehemu ya nyuma ya manowari, pale helikopta inapotua. Walikuwa wanayakunja yale mapanga yake ya juu, moja moja, wanayalaza kuelekea mkiani na kuyafunga kwa kamba. Kisha wakaisukuma helikopta ndani ya banda lake, mlango wa bati ukashuka mpaka chini. Nikawaambia wenzangu nilichoona. Laiti ningenyamaza.

Kipaza: Basi ni upepo huo. Wanaificha upepo.

Bi Birika: Upepo gani? Kanga yangu hapa haijatikisika.

Kipaza: Upepo wa juu, Bi Birika. Wa juu huwezi kuusikia ukiwa chini.

Swichi, fundi umeme, huwa hakubali jambo lolote lisilo na waya.

Swichi: Acha kutupiga kamba. Inachajiwa ile. Helikopta za siku hizi ni betri. Wanaiingiza ndani, wanachomeka waya mnene kama paja, mpaka kesho imejaa. Mnadhani jana umeme ulikatika kwa nini mtaa mzima?

Kipaza: Ulikatika kwa sababu uliunganisha wewe.

Swichi: Nimeunganisha nyumba moja tu!

Tukacheka. Kamanda hakucheka. Siku nyingine angekuwa ameshamrarua Swichi vipande vipande, angetuambia helikopta ile inakunywa mafuta kiasi gani kwa saa na injini zake mbili ziko wapi. Alikuwa amechukua saa ya mteja, ameweka lenzi jichoni, na saa yenyewe hajaifungua.

Kipaza: Mimi nawaambia ziko mbili. Hii imechoka, imelala. Ya pili imo humo humo ndani, na hiyo haina sauti. Inatoka kimya, imepakwa rangi ya mawingu. Hata sasa hivi huenda iko juu ya vichwa vyetu.

Tukatazama juu, na mimi nikiwemo. Naona aibu kulisema.

Swichi: Ya nini helikopta? Manowari yenyewe inazama! Nimeelezwa na mtu aliyefanya kazi huko. Wanafunga milango yote, wanaingiza maji, inakwenda chini, inatafuta kule kule chini kwa taa.

Bi Birika: Na mtu akiwa juu ya maji nani atamwona, nyote mkiwa chini?

Swichi akanyoosha kikombe chake. Akaomba kahawa nyingine.

Kipaza: Wanapoteza mafuta tu. Sanduku la bati lile, rangi ya masufuria. Siku saba mtu mmoja hawamwoni!

Hapo Kamanda alitoa lenzi jichoni.

Kamanda: Kipaza, ile unayoiita sanduku, umewahi kuitazama ubavuni?

Kipaza: Nimeitazama.

Kamanda: Ubavu wake umelala ndani kidogo. Haukusimama wima. Unajua kwa nini? Mawimbi ya rada yakiupiga yasirudi yalikotoka, yateleze yaende zake. Mlingoti wake hivyo hivyo. Hata ngazi za pembeni zimefunikwa. Meli ile haina mstari wa bure, Kipaza. Kila kona mtu amekaa nayo, ameifikiria. Mimi nafungua saa kila siku, najua kitu kilichofikiriwa kikoje.

Sauti yake ilikuwa chini. Hata Kipaza akaacha kujitingisha.

Kamanda: Na siku ya tatu, mnaikumbuka ndege ya injini nne? Niliwaambia inakuja kabla hamjaisikia. Ilipopita, panga moja lilikuwa limesimama. Mkapiga kelele kwamba imeharibika. Haikuharibika. Rubani ameizima injini moja kusudi, aokoe mafuta, akae kule saa mbili zaidi. Anatembea na injini tatu juu ya bahari tupu, chini kabisa, kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina. Na hii helikopta haiendi ovyo. Inachora mraba, halafu mraba mkubwa zaidi ya ule, halafu mkubwa tena, na mlango uko wazi, mtu amekaa mlangoni miguu nje, anatazama maji tu. Mtazame maji nyinyi kwa saa tatu. Dakika kumi tu yatawaonyesha vichwa vya watu kila mahali. Mimi napenda vitu vile kwa sababu hiyo. Watu wanadhani napenda mizinga.

Alivuta pumzi. Nilidhani ameshamaliza.

Kamanda: Kwa hiyo msiseme hawakumtafuta.

Niliisikia ile "hawakumtafuta," nikajua. Angekuwa na tumaini angesema "hawamtafuti." Wenzangu nao walisikia, maana Kipaza alianza kuzungumzia bei ya nyembe, na hakuna aliyemuuliza.

Wakati huo huo mwanamke mmoja alikuwa anapandisha kutoka upande wa bandari. Umri wake haukufika thelathini na tano. Viatu ameshika mkononi, miguu ina vumbi, na begani amebeba mkoba wa shule wa mtoto. Akasimama mbele ya benchi, akatuangalia mmoja mmoja.

Mwanamke: Shikamooni.

Tukamwitikia. Bi Birika akasogea kumpa nafasi, naye hakukaa.

Mwanamke: Nimeambiwa getini kwamba hapa yupo mzee anayejua saa za helikopta.

Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyoosha kidole bila kusema neno.

Mwanamke: Baba, kesho itaruka saa ngapi?

Kamanda: Kwa nini, mwanangu?

Mwanamke: Mume wangu ndiye mshika usukani. Siku ile ya kwanza walinihoji nyumbani, nguo zake, urefu wake, nikawaambia shati la buluu. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Leo nafungua kabati namtolea mtoto nguo za shule, shati la buluu lile pale, limening'inia. Sweta ndilo halipo. Alivaa sweta la manjano, nimelifuma mwenyewe, usukani wa usiku una baridi. Kwa hiyo wanatafuta buluu, Baba. Juu ya maji, buluu. Wataiona vipi? Nataka niwahi kabla haijaruka nimwambie yule anayekaa mlangoni.

Swichi alianza kufunga kamba za viatu vyake, navyo havikuwa na kamba. Bi Birika aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilikuwa na darubini mapajani na nilitamani kuitupa. Pale palikuwa na watu ambao nusu saa iliyopita walikuwa na helikopta mbili, ya betri na ya mawingu, na manowari inayozama kwa hiari yake. Alipouliza saa tu, hakuna aliyekuwa na hata moja.

Daftari lilikuwa mezani kwa Kamanda, limefunguliwa. Mstari wa mwisho umeandikwa asubuhi: imetoka, imerudi. Chini yake ameshaandika "saa nane" na mbele yake pako wazi. Nilimwomba Mungu Kamanda amdanganye. Kweli, niliomba hivyo. Aseme saa kumi na mbili na dakika ishirini, mwanamke aende zake, alale usiku mmoja.

Kamanda: Kesho haitaruka, mwanangu.

Mwanamke: Keshokutwa?

Kamanda: Wameikunja mapanga. Wameifungia ndani. Mchana huu wamepakia chakula na maji ya safari. Meli inaondoka.

Mwanamke alihamisha viatu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hakulia. Alitazama ukuta wa bandari kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Mwanamke: Sasa la sweta nimwambie nani?

Bi Birika akainua birika ampe angalau kahawa, akaliinamisha, yakatoka machicha matupu. Akaliweka chini taratibu bila kulilaumu.

Kamanda akavuta daftari, akaweka lenzi jichoni bila sababu, akaitoa tena. Akachukua penseli.

Kamanda: Niambie mimi kwanza. Manjano ya namna gani?

Mwanamke: Manjano ya kiini cha yai. Mkono wa kushoto umetoboka kiwikoni, nimeuziba kwa uzi mweusi, wa manjano uliniishia.

Kamanda: Jina lake?

Akamtajia. Kamanda akaliandika, herufi kwa herufi, kwenye daftari ambalo kwa miaka ishirini na sita halijapata kuwa na jina la mtu. Kisha akaangalia saa ya ukutani, kama alivyozoea, akaandika na muda pembeni: saa kumi na dakika nane.

Akavua koti lake la kazi. Akafunga kibanda, saa za watu zikiwa zimening'inia ndani, akanirushia ufunguo niliomchongea mwenyewe.

Kipaza: Unakwenda wapi, Kamanda?

Kamanda: Getini.

Swichi: Lakini si umesema mwenyewe wameshafunga?

Kamanda: Wamefunga. Ila redio hawajafunga. Kuna meli za mizigo njiani, kuna boti, kuna watu ufukweni. Waliambiwa buluu. Waambiwe manjano.

Wakateremka, yeye mbele kwa nyayo zake bapa, mwanamke nyuma, sasa viatu ameshavivaa. Nikaweka darubini machoni. Nikawaona wamefika getini. Nikaona Kamanda amesimama hatua tatu kabla ya geti, akabaki hapo kiasi cha kunitia wasiwasi, kisha akasogea. Mlinzi akatoka, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Kamanda hakubishana. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma.

Kipaza: Wamesemaje? Mlango wa banda umefunguliwa?

Nikahamishia darubini kwenye manowari. Mlango wa bati ulikuwa chini vile vile. Nikairudisha getini. Mlinzi alikuwa amepapasa mifuko yake yote, hana karatasi, sasa amekunja mkono wa shati na anaandika kiganjani.

Kipaza: Funguo, si nakuuliza! Umefunguliwa?

Mimi: Haujafunguliwa. Nyamaza kidogo, anaandika.