Mguu wa Klachi

Kijiwe chetu kiko Olasiti, kando ya ukuta wa gereji: benchi mbili za mbao zinazotazamana, na jiko la kahawa katikati. Mimi ni fundi redio, pale wananiita Antena. Jumamosi ile, saa tisa mchana, Melkizedeki alikuja akichechemea kama kawaida yake, akakaa, akasema kuna mtu yuko njiani kutoka Maji ya Chai na Altezza ya gia za mkono. Anataka wabadilishane na hii ya Melkizedeki, ambayo ni oto, gari kwa gari, hakuna nyongeza. Akasema, "Wazee, mnanishaurije?" Hapo ndipo alipokosea. Kwetu ukiomba ushauri unafunguliwa kesi.

— Chukua leo hii, alisema Mzee Sankale, ambaye aliendesha lori la magogo Olmotonyi miaka ishirini na sita na tunamwita Mzee Magogo. Oto siyo gari. Unakaa tu kama mgonjwa anayepelekwa kliniki.

— Mzee, siku hizi dunia nzima ni oto, nilisema.

— Dunia nzima imelegea!

Yona, kijana wa bodaboda, aliweka kikombe chini. Huyu tunamwita Chapchap, kwa pikipiki na kwa mdomo pia.

— Mimi nawaambia kitu cha kitaalamu. Manyuali haiibiwi. Wezi wa sasa wamejifunzia oto. Akiingia akiona pedali tatu anashuka, anakuachia na salamu.

— Nani kakudanganya? nilimwuliza.

— Uchunguzi wangu mwenyewe. Halafu kuna jingine. Watu wa oto mguu wa kushoto unasinyaa. Hauna kazi. Miaka mitano tu, suruali inapwaya upande mmoja. Mkaratusi, simama tukuone!

Watu wakacheka. Mkaratusi ndiye Melkizedeki, au Meki kwa kifupi. Jina hilo alipewa miaka mitatu nyuma, gari lake la zamani, la gia za mkono, lilipoteleza kwenye barabara ya msituni Olmotonyi likajibamiza kwenye mkaratusi. Alitoka na mguu wa kushoto umevunjika mara mbili, ukawekwa vyuma, na tangu siku ile anaendesha oto. Jina nililitunga mimi. Nasema hivyo ili mjue kwamba sijiweki pembeni.

Meki hakucheka wala hakusimama.

— Nimeuliza habari ya gari, sijauliza habari ya suruali, alisema.

— Punguza hasira chalii wangu, tunataniana, alisema Chapchap.

— Miaka mitatu mnataniana.

Hapo akaingilia Efraimu. Huyu ni mtoto wa mama yake mdogo Meki, wamelelewa pamoja Ilboru, walikuwa wakivaliana viatu. Ni dereva wa kampuni ya utalii, hatembei bila miwani ya jua. Siku ya ajali walikuwa wawili kwenye gari, na yeye alitoka bila hata mchubuko.

— Mimi nasema hapana, alisema Efraimu. Manyuali usiguse. Ilishakushinda.

— Ilinishinda?

— Meki, tusifichane. Gari unalipenda, lakini mkono huna. Utaua mtu safari hii.

— Rudia hapo.

— Narudia nini? Kila mtu anajua.

— Rudia, Efraimu.

Mzee Sankale akapiga fimbo yake chini. — Nyinyi ni ndugu! Mbona mnaangaliana kama majogoo?

Muuza kahawa akawajazia vikombe haraka, nadhani akitumaini vinywa vitashughulika na kahawa. Wakati huohuo Altezza nyekundu ikaingia kwenye vumbi la gereji, ikapunguza gia vizuri kabisa, ikasimama. Akashuka mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kitenge kiunoni, gambuti zina udongo mkavu.

— Shikamoo mzee. Habari zenu kaka zangu. Mimi ni Prisca, ninauza miche ya parachichi Maji ya Chai. Namtafuta Melkizedeki.

— Marahaba mwanangu. Ndiye yule aliyenuna.

Prisca akasogezewa nafasi. Alisema gari aliachiwa na kaka yake aliyehamia ng'ambo. Ni zima, lina nguvu, ila foleni ya Tengeru inamchosha, klachi asubuhi klachi jioni, anataka oto apumzike. Maneno mafupi, hakuna mbwembwe. Meki akaenda kulizunguka lile gari. Aliinama akachungulia matairi, akafungua mlango, akashika gia bila kuingia ndani. Sijui niseme aliligusaje. Alikuwa kama mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha.

Efraimu akamgeukia Prisca.

— Dada, gari lako ni zuri. Usimpe huyu.

— Kwa nini?

— Ngoja nikusimulie, maana mimi nilikuwepo.

Hadithi hii tumeisikia mara nyingi, na kila mara Efraimu husimama, hutanua mikono, huweka milio ya matairi.

— Tumetoka kuangalia mbao Olmotonyi. Mvua imenyesha, barabara ni sabuni. Namwambia, Meki punguza. Anakanyaga! Namwambia, chalii, kona hiyo. Anakanyaga! Kuja kushtuka gari linaenda kiubavuubavu, pwaa, mkaratusi huu hapa! Dada, ule mti uliingia upande wa kushoto. Mlango wa kushoto ulisukumwa mpaka ukakutana na gia. Kiti cha kushoto hukioni. Kimekuwa kama karatasi. Mimi nikafungua, nikatoka, nikajipapasa: mzima. Na huyu dereva wetu analia kama mtoto.

Chapchap alikuwa ameanza kucheka sehemu ile ya kulia, kama siku zote. Prisca hakucheka. Alikuwa anaangalia gari lake, halafu akamwangalia Efraimu.

— Samahani kaka. Wewe ulikuwa umekaa wapi?

— Mimi? Si abiria.

— Kushoto?

— Ndiyo.

— Na kiti cha kushoto kikawa kama karatasi.

— Kabisa.

— Sasa mbona mguu uliovunjika ni wake?

Fundi gereji akaacha kugonga bati. Miaka mitatu tumekula hadithi ile na kashata, hatukuwahi kuhesabu viti.

— Mungu tu, dada, alisema Efraimu. Alinikinga.

— Mungu simkatai. Nauliza ulikuwa umekaa wapi.

Efraimu akavua miwani, akaivaa tena. Meki alikuwa amesharudi kutoka kwenye gari. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi.

— Mjibu, alisema.

— Meki, haya tuliyaongea.

— Tuliongea! Ulinishika shati nikiwa nimelala kwenye majani, mfupa umetoka nje, unaniambia niseme nilikuwa naendesha mimi. Umeajiriwa wiki mbili, mkeo Elizabeth ana mimba, leseni ikiguswa umekwisha. Nikasema sawa. Nikamwambia trafiki ni mimi. Ukasema miezi sita tu, Meki, kazi ikitulia nitawaambia watu. Ulisema au hukusema?

— Nilisema.

— Nikakaa kimya. Mguu nimeusamehe. Ajali ni ajali, barabara ilikuwa sabuni kweli. Lakini wewe hukunyamaza! Kila Jumamosi unasimama hapa unaniendesha mbele ya watu. "Namwambia punguza, anakanyaga." Nani alikuwa anakanyaga, Efraimu? Nani alikuwa anamwambia mwenzake apunguze?

Alipiga teke birika. Kwa mguu ule mbovu. Kahawa yote ikamwagika kwenye mavumbi, majivu yakaruka.

— Nilianza utani tu, alisema Efraimu kwa sauti ndogo. Watu walikuwa wanauliza. Nikisimulia wanacheka, nikaona basi… ikawa hivyo. Siku nyingine nilikuwa naiamini mwenyewe.

— Toka hapa, alisema Mzee Sankale. Toka mbele yangu! Barabara ile nimepita miaka ishirini na sita. Mimi ndiye niliyemwambia huyu mtoto, baada ya ajali ile, kwamba hana mkono wa dereva. Mimi! Kwa maneno yako!

— Mkara… alianza Chapchap, akajikatiza. Meki. Kaka. Mimi sikujua.

— Hukuuliza, alisema Meki. Hakuna aliyeuliza. Amekuja mtu wa miche hajamaliza hata kikombe, ameuliza.

Halafu akamnyooshea Prisca mkono. — Dada, nipe funguo nijaribu.

Prisca akampa, akaingia naye. Tuliona tukiwa tumesimama wote. Gari likaruka mbele kidogo, likazima. Akawasha. Likaruka, likazima tena. Mara ya tatu aliushika mguu wake juu ya goti kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza, akaachia taratibu, na gari likatoka. Akaingiza ya pili. Tukaisikia ya tatu kule kwenye lami, safi, bila kukwaruza. Mzee Sankale akasema peke yake, "Huyo ni dereva," na uso wake haukuwa na furaha yoyote.

Walikaa huko kama nusu saa. Efraimu hakuondoka. Aliokota birika, akalifuta kwa shati lake, akalirudisha juu ya jiko. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia.

Waliporudi, aliyekuwa anaendesha ni Prisca. Meki alishuka upande wa pili, suruali imelowa jasho, mguu unamcheza kuanzia gotini, hawezi kuutuliza.

— Gari ni zima kabisa, alituambia. Gia naijua, sijasahau kitu. Mguu ndio umekataa. Nimefika taa za barabarani, kukanyaga na kushikilia mara nne tu, macho yakaingia giza.

— Utafanya mazoezi, nilisema.

— Antena, usinipoze. Daktari alishaniambia. Mimi sikutaka kumwamini. Nilitaka kupita hapa mbele yenu na gia za mkono, basi. Siku moja tu mnione.

Prisca alisema pole, akasema kama siku moja atataka kuliendesha tena hata kwa dakika kumi, anajua alipo. Akapanda gari lake, akaenda. Mabadilishano yakaishia hapo.

Efraimu akasogea. Akapiga magoti palepale kwenye kahawa iliyomwagika.

— Nisamehe, ndugu yangu.

— Inuka. Mimi hapa siyo wa kwanza kuombwa. Twende Ilboru.

— Kwa mama mkubwa?

— Kwa mama. Mzee, naomba uje. Na wewe Antena, maana wewe ndiye uliyenipa jina.

Tukaenda na ile oto ya Meki, wanne, kutoka Olasiti mpaka tukapanda Ilboru. Tulimkuta mama yake uani anamenya ndizi. Alifurahi kutuona, akataka kuleta viti. Efraimu hakungoja kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia mvua mpaka shati, na alipofika mahali pa kusema "mimi ndiye niliyekuwa naendesha" alirudia mara mbili, kama vile mara ya kwanza haikutosha.

Mama aliweka kisu ndani ya sufuria.

— Efraimu.

— Naam, yeyo, mama yangu.

— Mwaka ule nilisimama kanisani mbele ya watu wote. Nikaomba wamwombee mwanangu aache ujeuri, aache kukimbiza magari. Unakumbuka?

— Nakumbuka.

— Wewe ulikuwa umekaa wapi?

— Kwaya.

— Ulikuwa nyuma yangu kabisa. Nikamaliza, mkaimba. Uliimba?

Efraimu akalia. Mama hakumbembeleza.

— Jumapili utasimama pale niliposimama. Utasema haya. Mimi nitakuwa nimekaa nakusikiliza. Sasa ondoka, sitaki kukupiga mbele ya wageni.

Akaondoka kwa miguu, akiteremka na njia ya migombani. Na alisimama kweli ile Jumapili, nilikwenda kushuhudia. Alisema kwa shida lakini alisema. Trafiki nako alikwenda mwenyewe, na kazini akaeleza mwenyewe. Walimfukuza. Meki mpaka leo anamsalimia, basi, hawakai pamoja.

Lakini jioni ile, Efraimu alipokwisha kupotea kwenye migomba, mimi na Mzee Sankale tukawa tunajiandaa kuaga. Mama alikuwa bado anamwangalia mwanawe, kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu.

— Na mimi? alisema. Nimekuogesha miezi minne. Nilikuwa nakugeuza kitandani usiku nakugombeza, nakuita muuaji wa roho yako mwenyewe. Mimi mama yako, kwa nini hukuniambia?

Hasira yote aliyotoka nayo Olasiti sikuiona tena usoni mwa Meki. Alikaa chini kwenye udongo, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akachukua kisu kutoka kwenye sufuria, akaanza kumenya ndizi.