Dada Yetu wa Benchi la Nyuma

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ninayewasomea ni mdogo wake anayemfuata, yule fundi cherehani. Dada alinichagua mwenyewe, akanionya nisisome mbiombio kama mtu anayekimbizwa. Alisema watu wa nyuma wasiposikia, kosa ni la msomaji. Kwa hiyo mlio nyuma, nyoosheni mikono, msione haya.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, alikokuwa karani baba yetu. Mama alikuwa mkunga, na siku hiyo, uchungu umemkolea, aliendelea kumwelekeza mkunga mwenzake la kufanya hadi yule bibi akachoka: "Dada, zaa kwanza, utanifundisha baadaye!" Maji hufuata mkondo. Sisi wadogo zake watatu tulifundishwa na dada kila kitu, tukitaka tusitake, kuanzia kufunga kamba za viatu hadi kugawanya kwa tarakimu mbili.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana 1972, na mwaka 1978 akaanza chuo kikuu kusoma takwimu. Hapa wengine wangefunika kombe, lakini mwenyewe aliagiza lisemwe: mwaka wa kwanza alifeli. Mhadhiri wao aliingia na karatasi zilizogeuka manjano, akazisoma bila kuinua uso mpaka saa ikaisha. Dada alirudi likizo amekonda, akaniambia, "Nilidhani mjinga ni mimi peke yangu. Kumbe wote hatukuelewa, tukaogopa kuulizana." Alirudia mtihani, akafaulu, akahitimu 1981. Wenzake wawili wa chumba kimoja hawakurudi tena chuoni. Aliwataja hadi uzeeni, na kila alipowataja alikasirika upya.

Mwaka 1982 aliajiriwa na chuo hicho hicho kama mhadhiri msaidizi, akapata shahada ya uzamivu 1994. Wanafunzi walimwita Mama Rudia. Mwanafunzi akitoa jibu sahihi alimwambia, "Haya, rudia kwa maneno yako," na hapo ndipo kijasho kilipomtoka kijana wa watu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na shemeji yetu, mpima ardhi. Shemeji alipokuja kujieleza mara ya kwanza, aliongea habari za viwanja na mipaka mpaka chai ikapoa. Dada akamkatiza: "Samahani, sijakuelewa. Unataka kunioa au kuniuzia kiwanja?" Shemeji akarudia kwa maneno yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike mfamasia na wa kiume fundi umeme.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililomkosesha usingizi. Julai 2016 serikali ilitenga fungu la miaka mitatu la kuboresha ufundishaji na ujifunzaji vyuoni, na chuo chake kikapewa sehemu. Dada akakabidhiwa kulisimamia. Wapo waliotaka skrini kubwa ukumbini, wapo waliotaka semina hotelini. Yeye alikuwa na lake. Darasa la mwaka wa kwanza lilijaa ukumbi hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Akataka ligawanywe katika makundi madogo, kila kundi na mkufunzi wake anayelipwa. Tena akataka wahadhiri waingie katika vipindi vya wenzao, wakae benchi la nyuma kati ya wanafunzi, waone mambo yanavyoonekana kutoka kule. Kwa hilo la benchi, hakutoa posho.

Jamani, palichimbika. Profesa mmoja wa ofisi iliyotazamana na yake, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Mzee wa Posho na mwenyewe huitikia, alisimama kikaoni akauliza, "Semina bila posho bado ni semina?" Dada akamjibu, "Si semina, Mzee. Ni kazi."

Mwanzo ulikuwa wa vichekesho. Wageni wawili wa benchi la nyuma walisikia mwenzao akieleza jambo wasilokubaliana nalo, wakasimama kumpinga, naye akawajibu. Wasomi watatu wakabishana kipindi kizima, na walipogeuka, wanafunzi walikuwa wameshaondoka zao. Dada akaweka sheria: mgeni ajitie maji mdomoni hadi wakiwa nje kwenye chai, na huko aseme jambo moja tu, ni wapi alipoona wanafunzi wamepotea. Baada ya sheria hiyo, wa kwanza kukaliwa benchi la nyuma alikuwa yeye. Mzee wa Posho alimwambia, "Mama, unaongea na ubao. Tangu uanze, sisi umetuonyesha mgongo." Siku hiyo alikuja nyumbani kwangu amenuna, akala, akanuna tena. Wiki iliyofuata akageuka. Kidogo kidogo makundi yakashika, na waliofeli mwaka wa kwanza wakapungua sana.

Aprili mwaka huu wakaguzi wa wizara walikuja kuona kama fungu liongezwe. Mkuu wa kitivo alitaka vijana wanaojua majibu wapangwe viti vya mbele. Dada alikataa katakata: "Wamekuja kuona kama wanafunzi wanaelewa. Tukiwapanga, wataona nini?" Basi akafundisha. Katikati ya somo akauliza, na binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi hapo umeniacha. Na hawa wenzangu pia." Mkuu wa kitivo akafumba macho. Dada akafuta ubao wote. "Ahsante, mwanangu. Basi nimewapitisha njia mbaya. Tuanze tena, safari hii kwenye makundi." Mkaguzi mmoja akavuta kiti, akaingia kundi mojawapo, akatoka amekunja mikono ya shati. Wakashukuru, wakaondoka.

Mwezi uliofuata, Mei, maumivu ya tumbo aliyoyapuuza kwa muda yalimlaza. Daktari aligundua saratani ya kongosho. Alimweleza kwa maneno marefu, haraka haraka, macho kwenye majibu ya vipimo. Dada akamwambia kwa upole, "Daktari, hapo umesoma, hujaniambia. Rudia." Akarudia. Akaambiwa tena arudie. Mara ya tatu yule daktari aliketi kitandani, akamshika mkono, akasema, "Mama, hatutaweza kuuponya ugonjwa huu." Dada akajibu, "Sasa nimeelewa." Mimi nilitoka nje nikalia.

Agosti jibu la wizara likaja. Fungu halikuongezwa, fedha zimeelekezwa kwenye majengo. Hatumlaumu mtu, majengo nayo yanahitajika, ila jengo hukatiwa utepe, na mwanafunzi akielewa hakuna anayeleta mkasi. Wakufunzi wasingelipwa tena, na muhula mpya ulikuwa unakaribia. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alituuliza kila tulipokwenda kumwona: "Makundi yatakuwaje?" Tulimwambia apumzike, naye akatutazama kama watu tuliokwepa swali, na kweli tulikuwa tumelikwepa.

Alhamisi, tarehe 3 Oktoba, Mzee wa Posho alikuja wodini, akasimama miguuni pa kitanda. "Nimechukua kundi moja la Ijumaa," alisema. Dada akamuuliza, "Nani anakulipa?" Akajibu, "Sijauliza." Dada alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2019, saa kumi na moja alfajiri, mumewe na wanawe wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja anayeuliza maswali kupita kiasi, wadogo watatu, mawifi na mashemeji. Kuna wengine aliowaacha. Mmeona viti tulivyowatengea wahadhiri wenzake vipo vitupu, na nimesikia minong'ono. Msiwafikirie vibaya. Jumanne walikuja kwa shemeji kumwomba ruhusa wachelewe, kwa sababu leo Ijumaa, saa hii ninaposoma, ni saa ya makundi ya mwaka wa kwanza. Yako kumi na mawili. Wamegawana yote, na hakuna kundi lisilo na mwalimu. Watafika baadaye kumwaga udongo, na huenda mikono yao ikawa na chaki.

Dada, swali lako tumelijibu. Pumzika sasa, kwa amani.