Saa Kumi ya Baba Mdogo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kuonja, na nitasoma taratibu, maana mwenyewe hakupenda kuharakishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanane waliogombania sinia moja, akamaliza sekondari mwaka 1976, na tarehe 3 Januari 1977 akaajiriwa kiwandani kama mwonjaji wa chai, kazi ya kusukutua na kutema kutwa nzima, hata akawa anatutania kwamba yeye analipwa mshahara kwa kutomeza.

Tarehe 14 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu mdogo, fundi cherehani, aliyemtangulia mwaka 2012, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyekaa mbele, ambaye kazi ilimpeleka mbali.

Mwezi Mei 2019 mkate ulianza kumkwama kifuani, vipimo vikaonyesha saratani ya umio, na madaktari wakamweleza kwamba ataanza na dawa pamoja na mionzi ili uvimbe usinyae, kisha watamfanyia upasuaji kupitia matundu madogo, bila kumfungua kifua chote. Hakuuliza ataishi miaka mingapi, aliuliza jambo moja tu: “Nitakula tena na watu?”

Upasuaji wa tarehe 21 Oktoba ulifaulu, makovu yake madogo akatuonyesha kwa maringo, lakini tumbo lililovutwa juu kuziba nafasi ya umio uliokatwa lilitaka chakula kidogo kidogo, saa nne, saa kumi, saa ambazo hakuna nyumba inayopakua, na mezani kwetu alikaa na glasi ya maji akitutazama, mpaka akaacha kuja. Alikuwa mpweke, tuseme bila kuzunguka.

Aliyekula naye ni fundi viatu wa pale kona, ambaye wateja humchelewesha chakula cha mchana hadi saa kumi, na baba mdogo alimfuata kila siku na bakuli lake, hadi ugonjwa uliporudi, safari hii kwenye ini, akalazwa. Wodini saa hiyo wageni hawaruhusiwi, hivyo fundi alikula kwenye benchi la nje, na marehemu, aliyekuwa hamezi tena, alimwinulia kikombe kitupu dirishani. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wenzake wa kiwandani, na fundi, aliyekuja leo na bakuli lake.

Baba mdogo, ni saa kumi, na watu tupo. Lala salama.