Kioo cha Badili na Beberu wa Kikundi

Benchi langu liko ubavuni mwa ghala la mnunuzi wa kahawa, hapa Nkwenda wilayani Kyerwa, na halijawahi kumfundisha mtu kazi. Wanaolikalia ni walewale. Yustus tunamwita Mzani, kwa kuwa zamani alipima kahawa za watu, na tangu hapo hupima kila kitu kwa macho na kukosea. Gaspari ni Redio, betri zake haziishi. Wa tatu ni Theoneste wa Kamuli, huyo ni Badili: alibadili baiskeli akapata redio, akabadili redio akapata bata, bata wakafa kabla hajaona wa kumtwisha. Mimi wananiita Mukaikuru, yaani bibi kizee; nachemsha kahawa, nawasikiliza, na wakinikera nasema. Siku ya mnada Badili alikuja anatoka jasho, akaweka benchini kidude cheusi chenye kioo katikati na batani kulia na kushoto. Akasema amekipata kwa kutoa beberu. Nikauliza, beberu yupi? Akatazama miguu yake. Nikajua hapohapo. Ni beberu wa kikundi chetu cha akina mama, anayelelewa kwa Kemirembe, mke wa Badili, ambaye wanakikundi wote tunampelekea mbuzi zetu apande.

Badili: Jamani, Kemirembe yuko njiani anakuja. Nimwambie hiki ni cha nini?

Mzani: Aliyekupa alisemaje?

Badili: Alisema ni kizuri, kinaguswa. Halafu akapanda pikipiki kuelekea mpakani, beberu kampakata.

Redio: Kinaguswa! Hata jembe linaguswa.

Mimi: Ni mchezo wa watoto huo. Si mnaona kamtu kanarukaruka humo ndani?

Badili: Mukaikuru, hebu tulia kwanza. Mtu mzima hawezi kutoa beberu kwa ajili ya mchezo.

Mimi: Wewe umeweza.

Mzani: Ngojeni. Batani nimehesabu, ziko kumi na mbili. Sawa, hizo ni za kumrusha huyo kamtu. Sasa kioo nacho kiguswe kwa nini? Hicho kina kazi nyingine. Na hapa pameandikwa Kizungu, gusa uendelee.

Badili akagusa. Kamtu kakaendelea kurukaruka palepale. Akagusa Mzani, akagusa Redio. Wapi!

Redio: Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tuongeze.

Wakaweka vidole tisa. Kioo kikawatazama tu.

Mimi: Vidole vyenu vimeshakuwa kwato. Miaka arobaini ya jembe, na juu yake utomvu wa ndizi uliokauka. Hicho kioo hata hakijui kama mmefika.

Mzani: Hapana, ni mzani huu. Unasubiri uwekewe kitu. Mkono mtupu haulambwi, Badili, kipe kitu kwanza!

Akatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna, akaweka punje moja juu ya kioo, taratibu kama anayelaza mtoto.

Mzani: Hapo kinasoma unyevu. Mnunuzi hakwambii tena kahawa yako mbichi, rudi ukaanike.

Badili (anakariri): Kinasoma unyevu... kinasoma unyevu... Mbona hakisemi?

Mzani: Kahawa yangu imekauka vizuri. Kiseme nini?

Redio: Achana na huyo. Hicho ni cha hospitali. Unaweka paji la uso, kinakusoma malaria.

Badili akainama, akabandika paji la uso. Kimya.

Redio: Basi huna malaria. Shukuru Mungu.

Badili: Kemirembe hatakubali. Yeye anataka kitu cha shambani.

Redio: Cha shambani? Si ungesema mapema! Unapiga picha mgomba wenye mnyauko, unaugusa humo kwenye kioo, na kule shambani unapona.

Mzani: Na jirani mbaya akiugusa wa kwako?

Redio: Ndiyo maana hawaviuzi dukani.

Badili akasimama. Nilimwona anapata rangi, na mtu kama huyu akipata rangi ujue hasara inakuja.

Badili: Kama mgomba unapona, basi na mbuzi! Picha ya beberu inawekwa humo ndani. Mbuzi jike akigusa kioo, kashashika mimba. Beberu huyo hali majani, haruki uzio, hanuki!

Redio: Kyerwa nzima watapanga foleni kwako!

Mzani: Na Karagwe! Mpaka Kanoni watakuja! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Mgeni huyo kafika.

Kemirembe alikuwa anashuka kutoka barabarani, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbuzi wa Benadeta, mwanakikundi mwenzetu, analia na kutikisa mkia kama kengele ya kanisa. Mbuzi anayetaka dume hamsubiri mtu. Leo ni leo, ukikosa unangoja wiki tatu.

Kemirembe: Shikamoo, Mukaikuru.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Kaa.

Kemirembe: Sikai. Nimetoka nyumbani, bandani hamna kitu. Baba Mahoro, beberu wa akina mama yuko wapi?

Badili, ambaye ndiye Baba Mahoro, akamwelezea yote, kuanzia picha mpaka uzio. Mzani alikuwa anaitikia kwa kichwa, Redio anasaidia kwa mikono. Kemirembe hakumkatiza. Mkewe akinyamaza, Badili hudhani ameelewa, kwa hiyo akazidi kukisogeza kidude mbele yake. Mbuzi wa Benadeta akanyoosha shingo. Kioo kilikuwa kimejaa jasho la vidole tisa na paji moja la uso, na mbuzi hakatai chumvi. Akakilamba kutoka chini hadi juu.

Kidude kikalia muziki. Taa zikawaka, kamtu kakatoka mbio.

Redio: Kimekubali! Kimekubali jamani!

Mzani: Si nilisema? Mkono mtupu haulambwi!

Badili alikuwa anacheka mpaka machozi. Kemirembe akasubiri muziki uishe, akamfunga mbuzi kwenye mguu wa benchi, katikati ya wale wanaume watatu.

Kemirembe: Haya. Ameshagusa. Benadeta anauliza, atazaa mwezi gani?

Mzani akatazama ghala. Redio akagundua kikombe chake kina kitu chini kabisa. Badili akanisogezea chake.

— Mukaikuru, niongezee kahawa.

— Imeisha, nikamwambia, nikafunika birika, ambalo lilikuwa bado nusu.