Shangazi wa Kaunta na Bwana Harusi Aliyeambiwa Hasi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kukata tiketi za ndege katika ofisi yetu, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sisi tuliozoea kufokewa sasa tutafokewa na nani?

Alianza enzi za tiketi za mkono, akapanda hadi mkuu wa kaunta. Wakubwa wamemnyenyekea, wakorofi wamemkimbia. Kilichotaka kumtoa roho ni vipimo vya korona.

Mnayakumbuka masharti yale. Pima kabla ya kupanda ndege. Ndege ikichelewa, cheti kimeoza, pima tena. Nchi ya kubadilishia ndege nayo inataka cha kwake. Asubuhi sharti hili, jioni lile, na anayetukanwa ni Shangazi, utadhani vijiti vya kuchokonolea pua anavichonga yeye!

Ndipo akatokea fundi wa kuchomelea, yuko kibaruani ng'ambo, harusi yake Jumamosi huku nyumbani. Cheti kimeandikwa kwa lugha ya wenyewe. Akiwa kwenye foleni uwanja wa ndege akakipiga picha, akamtumia Shangazi aliyemkatia tiketi, amsomee majibu. Shangazi, anayependa Kiswahili sanifu kuliko kamusi yenyewe, akajibu neno moja: "Hasi."

Fundi anajua vyuma, maneno hayamhusu. Aliposoma hasi akaona hasara. Tena kwa bwana harusi neno hilo lina maana nyingine, ambayo mimi kijana mwenye adabu zangu siitaji. Akatoka foleni, akajifungia chumbani kujifukiza. Ndege ikaenda zake.

Bibi harusi akaja kaunta analia. "Shangazi, umemwambia nini mwenzangu?"

Shangazi akanyakua simu. "We mwanamume! Hasi maana yake huna! Huna ugonjwa!"

"Sasa kama sina, si ungesema sina?"

Ofisi nzima tulijificha chini ya meza kucheka. Shangazi hakucheka. Cheti kilishaoza, ikabidi fundi akapime upya. Shangazi akapigana na simu mpaka sauti ikakauka, akapata kiti kimoja, cha kupitia nchi ya watu, na huko pua ikachokonolewa tena. Jumamosi fundi akatua. Na hapa nyumbani nako wakamtaka pua! Shangazi alikuwa getini na sare ya kazi, amemsimamia muuguzi kama mkwe anayedai mahari. Majibu yakatoka: hana ugonjwa. Fundi akaoa na pua nyekundu, anapiga chafya kila picha.

Shangazi, asante kwa kila uliyemfikisha kwao. Sasa ni zamu yako kwenda nyumbani, na uishi vizuri huko. Mlangoni hakuna wa kukudai cheti.